Albamu nne za vinanda na giza, na ile moja ya kumalizia bando

Haya wadau, karibuni tena. Msinicheke na mwanga huu, umeme umekatika toka saa 12 jioni, hapa nina taa ya kuchaji nimeiegesha kwenye sufuria na simu iko asilimia 61, kwaiyo leo nitaongea haraka. Eti haraka, mnanijua wenyewe. Ila kusema ukweli giza hili limenifaa maana leo ni muziki wa vinanda, ule muziki wa mashine ambao watu wakinikuta nausikiliza wananiuliza kama nimefiwa.

Kuna ndugu yetu kwenye komenti kanisumbua toka mwezi uliopita, anasema kaka, bando langu ni la wiki, nitajie albamu moja tu nipakue, usinipe orodha. Nimekusikia. Sa mi nimekuja na nne, nisamehe bure, jibu lako limo humu humu, we vumilia.

Kwa mgeni tu kidogo. Sinthipop ni muziki ambao kinanda kinafanya kazi za watu wanne, besi yeye, vile vitu vinavyopanda na kushuka kama ngazi yeye, mdundo unatoka kwenye mashine, afu juu yake kuna mtu anaimba kama vile kalazimishwa. Na msiniambie ni mambo ya kizungu hatuyajui, taarab ya kisasa imesimama juu ya kinanda miaka yote hii, mtu anaimba maneno ya kumchoma mwenzie roho na ukumbi mzima umesimama unatuza huku unakata viuno. Maumivu yanachezwa. Ukiliona hilo kwenye taarab, basi hawa wa leo hawatakupa shida.

Na ninavyosikiliza mimi ni ivi, mara ya kwanza hedifoni usiku, mara ya pili spika ya simu naosha vyombo, mara ya tatu naenda kwa bro wangu mwenye sabufa, majirani zake wananijua. Nilikuwa na spika yangu mwenyewe, niliambiwa orijino kabisa, ikadumu wiki 2, duka silitaji. Tuendelee.

Naanza na ya mwaka 2023, kwa sababu bila hii sitaweza kuwaelezea ya pili. Depeche Mode, Memento Mori. Ilitoka tarehe 24 Machi. Hawa ni wazee wa Basildon, mji fulani uko Essex kule Uingereza, wameanza 1980, na hii ni albamu yao ya 15. Jina ni Kilatini, kama unaambiwa kumbuka na wewe utakufa. Sa hapo ndo pagumu, kwa sababu jina hilo walishalichagua na nyimbo nyingi zilishaandikwa kabla mwenzao hajafariki. Andy Fletcher, wanamuita Fletch, alifariki Mei 2022, ana miaka 60. Yani watu wameandika kuhusu kifo, wanajiandaa kuingia studio, kifo kikawatangulia mlangoni.

Na Fletch alikuwa nani? Hapa ndo panaponimaliza. Huyu jamaa hakuwa mwimbaji, mwimbaji ni Dave Gahan. Hakuwa mtunzi, mtunzi ni Martin Gore. Kuna ile filamu yao inayoitwa 101, mwenyewe anajitania humo ndani, anataja kazi za wenzie mmoja mmoja, akifika kwake anasema yeye yupo yupo tu. Watu wamecheka miaka zaidi ya 30, ooh yule nyuma ya kinanda anapiga nini. Haya, hayupo. Sikiliza sasa hii albamu uniambie kama alikuwa hafanyi kitu. Kila familia ina mtu kama huyo, haongei kwenye kikao, hatoi pesa nyingi, ila siku akiondoka ndo mnagundua kumbe ndugu wawili walikuwa wanaongea kwa sababu yeye amekaa katikati. Gahan na Gore wameanza kuandika pamoja, wimbo wa Wagging Tongue wameutunga wote wawili, kitu ambacho kwao kilikuwa adimu kweli kweli.

Wimbo wa kwanza My Cosmos Is Mine, aisee, usimuwekee mtu asubuhi. Unaanza na muungurumo kama jenereta la jirani lenye ugonjwa, sauti nzito, mdundo unavuta mguu, na Gahan anaomba tu asiguswe, aachiwe ulimwengu wake. Mi mara ya kwanza niliuruka. Mara ya tatu nikaelewa kwamba ule ni mlango, ni mzito makusudi, ukishausukuma ndani kuna Ghosts Again.

Ghosts Again jamani. Huu ndo wimbo. Kautunga Gore na Richard Butler, yule mwimbaji wa bendi ya Psychedelic Furs, na kuna nyingine tatu humo wameandika pamoja. Maneno yanasema tutakuwa mizimu muda si mrefu, lakini kinanda kinakwenda mbele chepesi, kama mtu anatembea kwa miguu jioni hana haraka na hana deni. Hamna kulia humo. Video yake kaifanya Anton Corbijn, nyeusi na nyeupe, wawili wamekaa wanacheza chesi. Wawili tu. Nafasi ya tatu haijawekwa kiti, haijawekwa picha, haijawekwa kitu, na ndo maana unaiona. Ningekuwa mimi ningeweka picha yenye shada la maua na mshumaa juu, na ningeharibu.

Prodyuza ni James Ford, shika jina hilo, na pembeni yake yupo Marta Salogni, mwanamke wa Kiitaliano, huyu ndo kafanya miksi na anapenda sana mashine za tepu, zile za reli zinazozunguka. Unasikia kabisa, sauti zina vumbi kidogo, hazijasafishwa zikawa kama sahani ya dukani.

Lawama zangu? Zipo. Katikati inalegea. Caroline's Monkey mi sijui inatafuta nini pale, People Are Good wazo lake zuri ila linarudiwa mpaka linachuja kama majani ya chai ya jana. Ila Gore akiimba mwenyewe Soul with Me, kwa ile sauti yake ya kwaya, tena polepole, umekaa hivi, unasamehe. Na mwisho Speak to Me, sauti zinavimba zinavimba mpaka zinakuwa ukuta. Naosha vyombo nilisimama na sahani mkononi, mama akaniuliza unaumwa?

Sasa ya pili. Pet Shop Boys, Nonetheless, tarehe 26 Aprili 2024. Na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu nilikosea. Nilivyoisikia mara ya kwanza nikasema hii ni laini, ni ya harusi, ina vayolini, orkestra inapanda, wazee wamechoka. Nikaandika hata kwenye stori yangu. Nimeifuta ile stori.

Angalia mambo yalivyokaa. Hawa nao ni wawili, Neil Tennant na Chris Lowe. Walikutana 1981 kwenye duka la vifaa vya elektroniki, King's Road, London, duka tu, kama ungemkuta mtu Kariakoo anauliza bei ya waya mkaanza stori, haya, zaidi ya miaka 40 wako wote. Hii nayo ni albamu yao ya 15. Na prodyuza ni nani? James Ford yule yule! Yani jamaa katoka kwenye msiba wa Depeche Mode kaja kwenye hii. Pet Shop Boys kabla yake walifanya albamu tatu na prodyuza Stuart Price, zile za disko tupu, Electric, Super na Hotspot, na huyu bwana Ford kawashusha mwendo, kawawekea orkestra ya watu, kinanda kikarudi nyuma kidogo kikawa kama sakafu.

Tennant katimiza miaka 70 mwaka huo huo wa 2024. Sabini, wadau. Na anaimba kama alivyoimba ana 30, ile sauti kavu isiyopanda, kama mtu anasoma tangazo la mkutano, ila kila neno lina mfuko wa siri. Ndo nikakumbuka taarab. Yule mzee ni mtu wa mafumbo! Huwezi kumkamata kwa maneno yake, anacheka na wewe huku anakutoboa. Zamani alikuwa mwandishi wa gazeti la muziki, Smash Hits, kwaiyo maneno ndo kazi yake toka mwanzo.

Loneliness ni wimbo wa kucheza, mdundo unapiga, tarumbeta zinaita, na jina lake ni Upweke. Unaona wanachokifanya? Dancing Star ni habari ya Rudolf Nureyev, yule mcheza balei wa Kisovieti aliyewatoroka walinzi wake uwanja wa ndege Paris mwaka 1961, na wameuimba kama sherehe ya ufukweni. Mtu kaacha nchi, mama, kila kitu, na wimbo unachekelea. New London Boy ni kijana kaja mjini hajui aongee vipi avae vipi, na kila mtu aliyewahi kushuka stendi ya mabasi na begi moja atauelewa hata kama Kiingereza chake ni cha thank you na sorry. Alafu A New Bohemia. Ooh. Huu sitauelezea. Mzee anaulizia wenzake wa zamani wako wapi, wale wa zile sehemu za kukutana, na anauliza kwa adabu kabisa. Nilikuwa kwa bro, sabufa imewaka, tukazima tukaweka sauti ndogo bila mtu kumwambia mwenzie.

Kuna mmoja sijaupenda, The Schlager Hit Parade, ni utani juu ya muziki wa kizamani wa Kijerumani, labda Mjerumani atacheka, mi nilienda kuchukua maji.

Kwaiyo ukaniuliza kati ya hizi mbili ipi ya giza zaidi, nitakujibu Nonetheless na utanibishia. Memento Mori imevaa nyeusi, inakupa pole mlangoni. Nonetheless imekuja na suti ya rangi na inakutabasamia, sa ngapi umejua kwamba yule mtu hana wa kurudi naye nyumbani? Wimbo wa nane hivi. Umeshachelewa.

Simu asilimia 48. Tuharakishe.

Molchat Doma. Jina lao maana yake nyumba zimenyamaza. Ni vijana watatu wa Minsk, Belarus, na bila shaka wengi mmewasikia bila kujua, ule wimbo Sudno uliozagaa TikTok mwaka 2020, watu wanapiga video za maghorofa ya saruji na mvua. Wengi walikuwa hawajui kinachoimbwa, na mimi nilikuwa mmoja wao, nikaenda kutafuta. Wadau, sudno ni kile chombo wanachomwekea mgonjwa kitandani ajisaidie. Maneno ni shairi la Boris Ryzhy, mshairi wa Kirusi aliyefariki 2001 akiwa kijana, linaanza kwa kutaja vitu vya chumba cha mgonjwa kimoja kimoja. Dunia nzima imecheza hicho. Mi niliposoma tafsiri nilicheka afu nikaacha kucheka.

Na hiyo albamu yao ya 2018, Etazhi, ilirekodiwa kinamna, sauti ya mwimbaji Egor Shkutko inatoka kama yuko chumba cha pili na mlango umefungwa. Ndo ilikuwa utamu wake. Unategea sikio. Unahisi kuna kitu unanyimwa.

Sa tarehe 6 Septemba 2024 wakatoa Belaya Polosa, mstari mweupe. Wamehama kwao, wanaishi Los Angeles, na unasikia hela. Kila kitu kimesafishwa. Besi ni nene, kinanda kinang'aa, ngoma ziko mbele, na Shkutko yuko hapa, hapa kabisa mdomoni mwa maiki. Kuna sehemu ukimwekea mtu bila kumwambia atakuambia hii Depeche Mode ya miaka ya tisini imeimbwa Kirusi, na sisemi kama tusi, ila pia sisemi kama sifa.

Kuna watu watawaambia mafanikio yamewaharibu. Mi sikubaliani moja kwa moja. Ty Zhe Ne Znaesh Kto Ya, maana yake lakini hunijui mimi ni nani, huo ni wa kutembea nao usiku, mdundo hauachi. Ya Tak Ustal, nimechoka sana, hata jina tu limetosha. Na nikajiuliza, mtu katoka Minsk yupo Los Angeles, jua kila siku, minazi ile, afu anaandika nimechoka sana, na wimbo mwingine kauita waltzi isiyo na matumaini, waltzi ni ile dansi ya kizungu ya kuzunguka wawili wawili, huo ni uchovu wa aina gani? Waulize ndugu zako walioko Muscat au Minnesota, wanapiga simu usiku wanakwambia huku kuzuri, kuzuri tu, afu wananyamaza. Hiyo albamu ni ule ukimya wa kwenye simu. Tatizo langu ni kwamba miksi haijauacha ukimya uwepo, imejaza kila tundu. Nyimbo za huzuni zimekuja, chumba kikawashwa taa zote. Kwenye spika ya simu inasikika vizuri kuliko zote za leo, hiyo nayo ni taarifa kwa mwenye kuhitaji, ila kwenye hedifoni usiku, Etazhi inaipiga.

Ya nne na hapa nawaomba wenye watoto wapunguze sauti. Lord Spikeheart, The Adept, Aprili 2024. Huyu ni wetu, ni Mkenya, jina lake Martin Khanja. Alikuwa nusu ya kundi la Duma la Nairobi, yeye na Sam Karugu, waliotoa ile albamu ya 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala. Sa nyie mkisikia duma mnafikiria yule mnyama wa Serengeti anayekimbia. Na mimi pia! Nilikaa mwaka mzima nikijua ni mnyama. Kumbe kwa Kikuyu duma ni giza. Kwaiyo giza lilikuwa kwenye jina muda wote mi naangalia madoa.

The Adept sio sinthipop, nisije nikawadanganya, hamna kiitikio cha kuimba bafuni. Ni metali imekutana na mashine, midundo inapasuka, besi imechanwa, na jamaa anapiga kelele kutoka sehemu ya mwili ambayo sidhani kama mi ninayo. Kaitoa chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu, na kaitoa kwa heshima ya bibi yake mkuu, Muthoni wa Kirima, yule mama wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Field Marshal msituni, aliyefariki Septemba 2023.

Na hapo ndo nikashtuka, maana hawa wote watatu wa mwanzo giza lao linatokana na kitu kilichotoka. Rafiki katoka, ujana umetoka, nyumbani kumebaki nyuma. Unasikiliza shimo. Kwa Spikeheart hakuna shimo, kumejaa, kuna watu wengi humo ndani wanagombea mdomo mmoja. Yule bibi alikaa msituni miaka, mjukuu kapata maiki, we unategemea aimbe taratibu?

Niliimaliza mara moja kwa mkao mmoja. Siwezi kusema naisikiliza kila wiki. Kwenye spika ya simu usijaribu, inakuwa kama blenda ya juisi imeshika kijiko. Kwa bro, kwenye sabufa, dakika ya tatu mke wake akatokea mlangoni, hakusema kitu, aliangalia tu ile sabufa, akaniangalia mimi, tukazima. Shemeji nisamehe, najua unaangalia hizi video.

Haya, ndugu yangu wa bando la wiki. Ungekuwa na hela ya mbili ningekwambia anza na Ghosts Again peke yake, wimbo mmoja, afu upakue Nonetheless nzima. Lakini umesema moja, basi ni Nonetheless. Najua ulitaka giza nene, vazi jeusi, moshi. Pakua hiyo hiyo. Ina nyimbo 10 tu, haili bando. Isikilize ukiwa unarudi nyumbani jioni kwenye daladala, dirishani kama utabahatika, na ukifika A New Bohemia usiongee na konda, mpe nauli yake tu.

Wale wa Molchat Doma najua mnakuja kwenye komenti, njooni, ila njooni na hoja, msije na emoji za mafuvu kama mara ya mwisho. Na kama kuna mtu wa Nairobi kamuona Spikeheart laivu aniandikie, nataka kujua kitu kimoja tu, yule mtu akimaliza shoo anaongeaje, sauti inabaki?

Ah, umeme umerudi. Mnaona? Ngoja nizime hii ta—